Deni la Aliyeona

Glakoma, ambayo watu wengi nchini Tanzania huiita presha ya macho, inazua swali la kifalsafa kabla ya kuzua swali la kitabibu. Mkulima wa pamba wa Meatu au Itilima mkoani Simiyu, mwenye miaka hamsini, anapalilia shamba lake, anawatambua ng'ombe wake kwa mbali, anahesabu noti za mauzo bila kukosea, wala jicho halimuumi. Kisha picha ya nyuma ya jicho lake, iliyopigwa kwa dakika chache tu, inaonyesha kwamba mshipa wa fahamu unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo umeanza kufa. Nani aaminiwe: yeye anayeona, au picha inayosema kuwa kuona kwake kunakwisha? Na yule aliyeisoma picha, akishajua jambo ambalo mwenye jicho hakulijua, anabaki na wajibu gani? Kwa kawaida maswali haya hutenganishwa. La kwanza huachiwa sayansi, la pili huachiwa huruma. Mimi naona ni swali moja. Sababu ileile inayoifanya picha istahili kuaminiwa ndiyo inayomfunga anayeisoma: mwenye jicho hawezi kujishuhudia, kwa hiyo anamtegemea mwingine, na anayetegemewa kwa namna hiyo ana deni. Katika mkoa wa Simiyu, deni hilo ndilo linaloamua kama kuwapima macho watu wasiolalamika ni haki au ni dhuluma.

Tuanze na ushahidi kwamba jicho haliwezi kujishuhudia. Mshipa wa jicho una nyuzi zipatazo milioni moja, na glakoma huziua polepole kwa miaka, aghalabu ikianza na zile zinazobeba habari za pembeni. Jicho moja hufidia upungufu wa jingine, na ubongo huziba mapengo kwa kukisia kilichopaswa kuwapo. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliwaonyesha wagonjwa 50 picha mbalimbali na kuwaomba wachague ile inayofanana na wanavyoona. Hakuna hata mmoja aliyechagua picha ya shimo jeusi lenye mwanga katikati, ambayo ndiyo mabango ya afya hupenda kuichapisha. Zaidi ya nusu walichagua picha yenye ukungu mahali fulani, na kama robo walisema hawaoni kasoro yoyote, ingawa vipimo vilionyesha pengo. Maana yake ni kwamba sehemu iliyokufa haiwi giza. Haionekani kabisa, na huko kutoonekana nako hakuonekani. Waswahili humcheka nyani asiyeona kundule, na kicheko hicho hudhani kwamba angegeuka angeliona. Mwenye glakoma hata akigeuka haoni, maana chombo anachotumia kukagua ndicho chenye hitilafu. Kwa hiyo lawama tuliyoizoea, kwamba mtu wa kijijini huchelewa hospitali kwa uzembe au ujinga, haina msingi hapa. Profesa wa chuo kikuu asiyepimwa naye atachelewa vilevile.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea, ukakuta takriban wanne katika kila mia wana glakoma. Kongwa si Simiyu, lakini ni Tanzania ya vijijini, ya wakulima na wafugaji. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ukiwa na watu zaidi ya milioni mbili. Hata tukichukua tahadhari zote za kuhamisha kiwango cha mahali pamoja kwenda pengine, ni wazi kwamba kuanzia Busega hadi Maswa kuna maelfu ya watu wanaopoteza kuona bila kujua. Tena kinachopotea hakirudi: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini nyuzi za mshipa zikifa zimekufa. Ndiyo maana kuugundua ugonjwa huu mapema ni karibu sawa na kusema kuugundua kwa msaada wa mtu mwingine.

Je, huyo mwingine anaaminika kiasi gani? Historia inatuonya tusikimbilie kujibu. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza chombo kilichomwezesha daktari kutazama nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Waliokitumia kwanza kuangalia macho yenye glakoma walikosea. Eduard Jaeger wa Vienna alikiona kichwa cha mshipa kimevimba kuja mbele. Albrecht von Graefe wa Berlin naye mwanzoni aliona uvimbe huohuo. Kumbe palikuwa na shimo. Mwanga na kivuli vilikuwa vilevile, ila akili ilivisoma kinyume, mpaka Graefe akajisahihisha na Heinrich Müller akathibitisha kwa kuchunguza macho ya waliokufa. Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kueleza katika karne ya 11 kwamba kuona hakuishii machoni, hukamilishwa na hukumu ya akili. Leo kamera ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, huonyesha jinsi shimo hilo lilivyopanuka kulinganisha na kichwa cha mshipa, na mashine zinazopima matabaka ya retina kwa mwanga, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupima hata unene wa tabaka la nyuzi. Utafiti wa Nakuru, Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watu wasio na uzoefu wa kupiga picha za retina, wakitumia kifaa kinachopachikwa kwenye simu janja, walipata picha zinazokaribiana na za mpiga picha mzoefu. Haya ni maendeleo makubwa, hasa kwa kuwa kupima presha ya jicho peke yake hakutoshi. Wagonjwa wengi hukutwa na presha iliyo ndani ya kiwango cha kawaida. Hata hivyo chombo bora hakimwondoi msomaji. Programu ya kompyuta inayoisoma picha nayo ilifundishwa na hukumu za watu, na ikipelekwa mahali papya hukutana na mambo isiyoyazoea: kliniki za Thailand zilipojaribu mfumo wa Google wa kusoma picha za macho ya wenye kisukari, zaidi ya moja ya tano ya picha zilikataliwa kwa ubora hafifu. Picha, basi, ni ushahidi. Hukumu bado.

Usukuma, ambamo Simiyu imo, una sababu yake ya kuliangalia jambo hili kwa makini zaidi ya wengine, kwa kuwa huku kulisoma jicho la mtu kumewahi kuua. Kwa miongo mingi wanawake wazee wa Kanda ya Ziwa wameshutumiwa uchawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wengine wakakatwa mapanga usiku. Simeon Mesaki na wasomi wengine wa Tanzania wameandika kwa kina juu ya mauaji hayo. Wekundu wenyewe una maelezo mepesi: miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi kavu jikoni, vumbi, na maradhi ya macho yasiyotibiwa. Kwa juu juu, msomaji wa wekundu na msomaji wa retina wanafanya kazi ileile. Wote wanadai kuona katika jicho la mwenzao jambo lililofichika ambalo mwenye jicho hawezi kulikanusha kwa maneno. Ni rahisi kujibu kwamba mmoja ana mashine na mwingine ana imani potofu. Jibu hilo halitoshi, kwani Jaeger alikuwa na chombo na bado alisoma kinyume. Tofauti iko kwingine. Usomaji wa retina unakubali kupingwa: picha inabaki, mtaalamu mwingine anaweza kuiangalia, kipimo cha upeo wa kuona kinaweza kuikanusha. Msomaji wake anajulikana na anaweza kuulizwa. Na zaidi ya yote, usomaji huo ni kwa faida ya mwenye jicho. Mshutumu huona alama akaacha kuuliza, ilhali tabibu mwaminifu wa macho huona alama ndipo anaanza kuuliza. Lakini tuseme ukweli: siku picha itakapopigwa bila mtu kuelezwa, majibu yakatolewa bila mtu kufuatwa, na mwenye jicho akaachwa na neno zito asilolielewa, usomaji wa kisasa utakuwa umefanana na ule wa zamani kwa umbo, hata kama hakuna panga.

Pingamizi la kwanza ni la kidini, na halipaswi kudharauliwa. Waumini wengi, Wakristo, Waislamu na wanaofuata mila za mababu, huona kwamba uhai na viungo viko mikononi mwa Mungu, na kwamba kuyatafuta maradhi yasiyojitokeza ni kumwingilia. Ndani yake mna busara: binadamu hawezi kuishi akiuchungulia mwili wake kila asubuhi kutafuta mwanzo wa kifo. Lakini mapokeo yenyewe hayaungi mkono kukaa tu. Injili ya Yohana inasimulia jinsi wanafunzi walivyotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu; Yesu alilikataa swali la kutafuta mkosaji, kisha akamponya. Katika Uislamu yanajulikana mafundisho ya Mtume kwa yule aliyetaka kumwacha ngamia bila kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu: amfunge kwanza, kisha ategemee. Glakoma yenyewe inatusaidia kutenganisha mahali pa subira na mahali pa juhudi. Sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea haitarudi, na hapo kukubali ni hekima ambayo dini huifundisha vizuri kuliko kliniki. Sehemu iliyobaki ni amana, na anayeitelekeza amana kwa kusema kwamba mwenyewe ataitunza anachanganya kuridhika na uzembe.

Pingamizi la pili linatoka upande wa tabibu mwangalifu. Huyu atasema kwamba tunawageuza wazima kuwa wagonjwa. Hesabu inampa nguvu. Tuchukue watu 1,000 wa Bariadi wenye miaka 40 na zaidi, na tukadirie kwa kiwango cha Kongwa kwamba 42 wana glakoma. Tuseme kipimo chetu ni kizuri: kinawanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na katika kila wazima 100 kinawaruhusu 90 waende zao. Kitawanasa wagonjwa 38, kitawakosa wanne, na kitawatia shaka wazima 96. Kati ya watu 134 watakaoambiwa kuna dalili, hawafiki theluthi moja walio wagonjwa kweli. Wataalamu wa Marekani wanaotoa miongozo ya uchunguzi wa afya walisema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwapima glakoma watu wazima wote wasio na dalili. Aidha tiba haifanyi miujiza: katika jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 255 wa hatua za mwanzo walifuatiliwa kwa takriban miaka sita; ugonjwa uliendelea kwa asilimia 62 ya wasiotibiwa na asilimia 45 ya waliotibiwa. Tiba ilipunguza mwendo bila kuusimamisha kwa wote. Nakubali hesabu hii yote, na naona inaongeza uzito wa hoja ya deni. Kama zaidi ya theluthi mbili ya walioonyeshwa dalili ni wazima, basi kumwambia mtu kwamba ana glakoma kwa picha moja ni kusema uongo kwa lugha ya sayansi. La kweli ni kumwambia kwamba kuna jambo linalohitaji kuangaliwa tena, mahali fulani, na mtu fulani, siku fulani. Aliyepiga picha asiyeweza kuitaja siku hiyo bado hajamaliza kazi yake.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote: vipi kama mahali hapo hapafikiki? Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani misingi ya kuwapima watu wasiolalamika, na miongoni mwake ni kuwapo kwa tiba inayokubalika pamoja na huduma za kuchunguza na kutibu. Dawa ya matone hutakiwa kila siku maisha yote. Mkulima wa Simiyu hupata fedha nyingi mara moja kwa mwaka, msimu wa kuuza pamba, na bei yake haiamui yeye. Chupa ya dawa haingoji msimu. Uchunguzi wa kina au upasuaji unaweza kumpeleka hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa nauli yake na ya anayemsindikiza. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba atapofuka, kisha kumwachia maarifa hayo bila njia, ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Wanaotumia hoja hii kusema tusipime kabisa, hata hivyo, wanadhani kwamba hali ya tiba ni ya kudumu, na si kweli. Katika jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa 201 waligawiwa ama matone ya timololi ama tiba ya leza; baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho, matone katika asilimia 31. Leza si dawa ya kununua kila mwezi. Mtu huipata kwa mahudhurio machache, na huendana zaidi na maisha ya mtu ambaye kipato chake huja kwa msimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka msingi wa kudai kwamba huduma kama hiyo isitegemee mfuko wa mtu mmoja. Kwa hiyo kanuni ya Wilson na Jungner naisoma kama sharti linalomhusu anayepima. Haimpi ruhusa ya kufumba macho; inamtaka aandae njia kabla ya kuwasha kamera.

Tena njia hiyo inaweza kuanza na wale ambao tayari wana haki juu yetu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mwenye glakoma wana hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko watu wengine. Mgonjwa mmoja aliyethibitishwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa ni mlango wa ukoo mzima, na ukoo wa Kisukuma haukosi njia ya kupashana habari. Mtu aliyevuka miaka arobaini kwa kawaida huanza kusogeza maandishi mbali ili ayasome, na siku anapotafuta miwani ya kusomea au anapopelekwa kwa ajili ya mtoto wa jicho, yuko mbele ya mhudumu wa macho kwa hiari yake. Kuangalia mshipa wake siku hiyo hakumgeuzi mzima kuwa mgonjwa. Ni kumaliza uchunguzi aliouomba mwenyewe. Hawa, wakipimwa vizuri na kufuatwa, watazaa matunda mengi kuliko kambi ya siku moja uwanjani yenye maelfu ya picha na orodha isiyorudiwa.

Linabaki pingamizi la uhuru: mtu hana haki ya kutojua? Anayo, kwa sehemu. Hakuna anayepaswa kuburutwa mbele ya kamera, na idhini yake haiwi idhini kama hajaelezwa picha inaweza kusema nini. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitegemei. Watafiti wa Google walionyesha mwaka 2018 kwamba kompyuta huweza kukadiria kutoka picha ya retina umri wa mtu, jinsia yake, kama anavuta sigara, hata shinikizo la damu. Aliyekubali kupimwa glakoma hakukubali kusomwa hayo yote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafaa kuanza kazi hapo hapo kituoni. Lakini haki ya kutojua si ukuta kamili, kwa sababu upofu haukai kwa mtu mmoja. Katika kaya ya mkulima, asiyeona hushikwa mkono, na anayemshika aghalabu ni mjukuu ambaye angekuwa darasani. Mwenye kuchagua kutojua anachagua pia kwa niaba ya mtoto huyo. Hilo halimpi mhudumu ruhusa ya kumlazimisha. Linampa sababu ya kumweleza kwa heshima, kwa lugha anayoielewa, Kisukuma ikihitajika, na kumrudia asipoamua leo.

Hoja zote hizi zinakutana mahali pamoja. Ugonjwa huu umeondoa uwezekano wa mtu kujiokoa kwa macho yake mwenyewe, na kwa hiyo umefanya kuona kuwa kazi ya pamoja. Picha ya retina ni njia nzuri ya kuifanya kazi hiyo, mradi tuikumbuke tabia yake: ni ushahidi unaoweza kukosea, unaotolewa na mtu anayewajibika, kwa faida ya mwingine asiyeweza kuuhakiki. Anayeleta kamera Bariadi, awe Serikali, kanisa, msikiti au shirika, asipimwe kwa wingi wa picha alizopiga. Aulizwe ni wangapi kati ya waliotiwa shaka walichunguzwa tena, ni wangapi waliobainika kuwa wazima wakaambiwa hivyo waziwazi, na ni wangapi kati ya wagonjwa waliokuwa bado kwenye tiba mwaka mmoja baadaye. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu amekopa imani ya watu bila kuilipa, na ni heri aahirishe kazi hadi aweze. Anayeweza kuyajibu hana sababu ya kungoja watu walalamike, kwa maana glakoma haiwapi watu nafasi ya kulalamika mpaka imeshachukua kilichokuwa cha kuokoa.